Bakuli Likipasuka, Msiulaumu Mti

Kitengo chetu cha upimaji wa mbao kinazidi kupokea mabakuli yaliyopasuka, na karibu kila moja huja na maelezo yaleyale: mti ulikuwa mbaya. Kwa heshima zote kwa mafundi, mti mara nyingi hauna kosa. Kosa liko kwenye ukaushaji.

Mti mbichi hausinyai mpaka unyevu ushuke kufikia takriban asilimia 30. Kabla ya hapo hutoka maji yaliyojaa ndani ya seli. Baada ya hapo zinakauka kuta za seli zenyewe. Kusinyaa huko hakulingani: kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji ni karibu mara mbili ya kule kwa kutoka kiini kwenda gome. Maji nayo hutoka upesi zaidi kwenye ncha za nyuzi za mti kuliko ubavuni. Kuondoa kiini kila fundi anakujua, sirudii.

Mti ukiwa bado mbichi, kereza (chonga kwa mashine inayouzungusha) bakuli la awali lenye unene wa moja ya kumi ya kipenyo. La sentimita 30 libaki na sentimita 3, kitako pia, maana kitako kinene ndicho hupasua mengi. Paka nta kwenye ncha za nyuzi siku hiyohiyo, kisha litie kwenye mfuko wa karatasi pamoja na maranda yake, kivulini, pasipo upepo. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Bakuli litapinda, unene ulioacha ni wa kulinyoosha utakapolirudisha kwenye mashine. Na jua? Hapana. Hata saa moja, hapana.

Lipime uzito kila wiki na uandike kwa penseli kitakoni. Uzito usipobadilika kwa wiki tatu mfululizo, limekauka kadiri ya hewa ya hapo.

Anayetaka kipimo rasmi alete kipande kilichokatwa mbali na ncha ya ubao, kikiwa kimefungwa kisipitishe hewa, chenye jina la mti na tarehe ya kukatwa. Tunakipima, tunakikausha kwenye tanuri la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito utulie, tunakipima tena. Tofauti hugawanywa kwa uzito mkavu. Gramu 150 zikibaki 100, unyevu ni asilimia 50, si 33. Kwa hesabu hiyo jibu laweza kuzidi asilimia 100, na mizani yetu haijaharibika. Tunaomba msirudi kudai kipimo kingine kwa sababu hiyo tu. Kipande kisicho na tarehe, au kilichofungwa ovyo, hurudishwa bila kupimwa, na mwenyewe huanza foleni upya.

Wanaouliza kuhusu mikrowevu: mafundi wengine huitumia, kwa vipindi vifupi na kupumzisha. Mti huweza kuungua kwa ndani huku nje ukionekana salama. Kitengo hakiipendekezi, wala hakichunguzi bakuli lililopitishwa humo.