Ndago-mwitu za mbuga za Tabora: jina kwanza, daraja la hatari baadaye

Shika shina la "nyasi" yoyote ya mbugani, Urambo au hata Uvinza, mkoa jirani wa Kigoma, ulisokote kati ya vidole. Likikwama kwa pembe zake tatu, na ukilikata ukakuta ndani limejaa, kwa kawaida hiyo ni jamii ya ndago na mafunjo, yaani Cyperaceae. Majani yake hujipanga safu tatu. Ya nyasi, mbili.

Kujua spishi kunadai tunda lililokomaa. Kusanya mwishoni mwa mvua, Aprili au Mei, kabla ya moto wa kiangazi. Ng'oa mmea mzima pamoja na shina linalotambaa udongoni. Anayekata juu tu huacha sehemu inayotenganisha spishi nyingi. Osha tope, bana kwenye magazeti, na uyabadilishe kila siku, la sivyo ukungu utaanzia pale shina lilipo nene. Kisha chukua lenzi ya kukuza mara 10. Stigma, yaani ncha za ua zinazopokea chavua, ni mbili au tatu? Tunda la stigma mbili huwa bapa, la tatu huwa na pembe tatu. Kishuke, yaani shuke dogo la maua, hudondoka kizima, au gamba mojamoja?

Sifa hizo ndizo zilizotenga jenasi za Kyllinga, Pycreus na Mariscus. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba zote zimo ndani ya Cyperus, na tathmini ya hatari ya spishi kutoweka inaguswa moja kwa moja. Kyllinga erecta na Cyperus erectus ni mmea uleule. Ukiyaacha majina yote mawili kwenye jedwali, spishi moja inagawanywa mbili, kila nusu inapata eneo dogo kuliko hali halisi, na hatari unayoripoti haipo.

Sasa hesabu, kwa kigezo B, cha ukubwa wa eneo, cha Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa ya hatari ya spishi kutoweka. Weka pointi za GPS za mahali mmea ulipopatikana juu ya miraba ya kilomita 2 kwa 2. Miraba miwili ni kilomita za mraba 8, chini ya kikomo cha 10 cha daraja la CR, hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Mitatu ni 12, tayari uko EN, yaani iliyo hatarini, ambayo kikomo chake ni 500. Lakini udogo wa eneo hautoshi. Thibitisha mawili kati ya haya matatu: vipande vilivyotengana au maeneo machache, kupungua kunakoendelea, na mabadiliko makubwa mno ya kupanda na kushuka. Mbuga iliyogeuzwa majaruba ya mpunga ni ushahidi mzuri ukiwa na tarehe, picha na pointi. Lebo ya sampuli ya zamani isemayo "Tabora" tu usiipe pointi ya katikati ya mji. Utazalisha mraba wa uongo.

Mafunjo, Cyperus papyrus, aliyoyapa jina mwanabotania Linnaeus mwaka 1753, yako LC, yaani hatari ndogo, kwa kuwa yameenea sana Afrika. Daraja hilo ni la spishi nzima. Tafadhali lisitumike kuhalalisha kukausha kinamasi cha Malagarasi-Muyovozi, eneo la kwanza nchini la Ramsar, mkataba wa kimataifa wa ardhi oevu, tangu mwaka 2000.

Spishi yenye sampuli moja kuukuu iandike DD, maana yake taarifa hazitoshi, wala si kwamba iko salama. Kisha rudi kwenye mbuga iliyotajwa kwenye lebo, tunda likiwa limekomaa.