Kwa nini magari ya dragi ya miaka ya 1960 yalisimama pua juu

Waulize mashabiki wa magari ya zamani ya Kimarekani ni nini kilichokuwa kikishinda mbio za dragi za miaka ya 1960, nao watakutajia injini: Hemi 426 ya Chrysler, 427 ya Ford, 409 ya Chevrolet (namba ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo). Mimi ni fundi wa magari hayo, hasa upande wa springi na ekseli, na jibu langu ni jingine. Nguvu zilikuwa tele. Kazi ilikuwa kuzifikisha kwenye lami.

Mbio zenyewe ni fupi. Magari mawili, njia iliyonyooka, robo maili, yaani mita 402, na yote huanza yakiwa yamesimama. NHRA, chama cha mbio za dragi cha Marekani alichokianzisha Wally Parks mwaka 1951, kilizipa kanuni na njia za kudumu kama Pomona, California. Kufikia 1962 viwanda vya Detroit vilikuwa vikitengeneza magari maalumu kwa mbio hizi, kwa sababu ushindi ulileta wanunuzi.

Sasa tazama tatizo. Injini nzito ya chuma iko mbele, tairi zinazosukuma ziko nyuma, tena za enzi ile zilikuwa nyembamba. Dereva akiachia klachi, tairi zinazunguka bure na kufuka moshi huku mpinzani ameshaondoka. Dawa ni uzito. Gari linapochomoka, uzito hurudi nyuma, kama abiria wa daladala dereva anapokanyaga mafuta ghafla. Kitovu cha uzito kikiwa juu zaidi, au kikiwa karibu zaidi na ekseli ya nyuma, tairi hizo hukandamizwa zaidi na kushika. Ndiyo sababu magari yale yalinyanyuliwa mbele. Haikuwa mapambo hata kidogo.

Ramchargers, kundi la wahandisi wa Chrysler walioshiriki mbio nje ya saa za kazi, walilielewa hili mapema. Gari lao la mwanzo, Plymouth ya 1949, waliliinua juu mno, na aliyelitazama bila kujua hesabu hiyo angedhani wamekosea. Kwangu hao ndio watu muhimu kuliko wote katika historia hii.

Ford walifuata njia ya kupunguza uzito wa mbele. Thunderbolt ya 1964 ilikuwa Fairlane ya kawaida iliyobanwa injini ya 427. Boneti na madigadi ya mbele yalikuwa ya faiba, madirisha ya plastiki, redio na hita viliondolewa, na hewa ya kabureta ilivutwa kupitia matundu ya taa mbili za ndani. Yalitengenezwa magari 100 tu, na dereva Gas Ronda akatwaa nalo ubingwa wa NHRA wa Super Stock, daraja la magari ya kiwandani, mwaka huohuo. Lakini kinachonifurahisha mimi ni betri: kubwa, ya lori, imewekwa ndani ya buti, upande wa kulia.

Kwa nini kulia? Propela shafti inapozunguka kwa nguvu, ekseli ya nyuma hutaka kujipindua, na tairi ya kulia hupungukiwa uzito. Hiyo ndiyo huteleza kwanza. Chrysler walilitatua kwa springi: za Super Stock hazilingani, ya kulia ni ngumu zaidi, ili iikandamize tairi yake chini.

Mwaka 1965 wakaenda mbali zaidi. Kwenye Dodge na Plymouth chache, chapa zao wenyewe, walisogeza ekseli ya nyuma mbele kwa inchi 15 na magurudumu ya mbele kwa inchi 10, na bodi wakazichovya kwenye tindikali ili bati liwe jembamba. Gari likaonekana kama limekatwa na kuungwa vibaya. NHRA walilikataa katika daraja lake, lakini watu walifurika kulitazama kwenye mashindano ya watu wawili wawili, na humo ndimo lilimozaliwa daraja la Funny Car, yaani gari la kuchekesha. Mwaka uliofuata dereva Don Nicholson alikuwa na Mercury Comet yenye bodi nzima ya faiba inayofunuka juu ya fremu ya mabomba.

Ya mwisho ninayoyapenda ni Dodge Dart na Plymouth Barracuda za 1968 zenye Hemi. Ziliuzwa zikiwa na kibandiko kinachosema si za barabarani, na vioo vya milango vilipandishwa kwa mkanda badala ya mpini. Hadi leo yana daraja lao, SS/AH, na hukimbia Indianapolis.

Wanaofufua magari haya huniletea yakiwa yamesimama upande mmoja juu kidogo, upande wa kulia, wakitaka springi mpya zinazolingana ili gari likae sawa. Huwa nawaomba waziache kama zilivyo.