Branchi na mgahawa wa popapu: maana yake ni nini?

Jumapili moja shangazi yangu alikuja kunitembelea kutoka Mvumi. Tulipotoka ibada ya kwanza nikampeleka kwenye mkahawa mmoja wa hapa Dodoma, ule wa viti vya mbao na maua yanayoning'inia darini. Tukaletewa mayai, viazi vya kukaanga, parachichi juu ya mkate uliobanikwa, matunda na kahawa. Ilikuwa inakaribia saa tano. Shangazi akaiangalia sahani, akaniuliza, "Mwanangu, hii ni chai au ni chakula?"

"Vyote viwili, shangazi."

"Kwa hiyo mchana hatuli?"

"Hatuli."

Mazungumzo hayo mafupi yanabeba maana nzima ya branchi. Ni mlo mmoja unaoshika nafasi ya milo miwili, kifungua kinywa na chakula cha mchana, na huliwa kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, mara nyingi mwisho wa juma. Kilichoko mezani hakiamui chochote. Unaweza kula mayai, supu, wali au keki, na bado ikawa branchi. Kinachoamua ni saa, na kwamba mlo mwingine umeachwa.

Neno lenyewe lina historia inayojulikana. Mwaka 1895 mwandishi Mwingereza Guy Beringer alichapisha makala katika jarida la Hunter's Weekly akiwaomba Waingereza waachane na mlo mzito wa Jumapili baada ya kanisa. Alitaka waamke kwa kuchelewa, wakutane karibu na adhuhuri, na waanze na vyakula vyepesi vya asubuhi kabla ya kuingia kwenye vizito. Alikuwa na sababu mbili ambazo mtu yeyote wa Dodoma atazielewa. Ya kwanza, aliyekesha Jumamosi usiku asilazimike kuamka mapema. Ya pili, mlo wa saa hizo unawafanya watu wachangamke na kuzungumza. Jina lilipatikana kwa kuunganisha kichwa cha neno la Kiingereza la kifungua kinywa na mkia wa neno la chakula cha mchana. Ufundi huo Kiswahili nacho kinao, kwa kuwa chamcha ni chakula cha mchana kilichofupishwa, na chajio ni chakula cha jioni. Katika karne ya 20 mtindo ukashika kasi Marekani, hoteli zikaupamba, na kutoka huko ukasambaa kwenye miji mingi, hadi ukatufikia.

Wengi huniambia kwamba branchi si jambo geni, kwamba sisi tuna chai ya saa nne tangu zamani. Nimelifikiria sana hilo na sikubaliani nalo. Chai ya saa nne ni mapumziko ya kazini. Karani, fundi na mwalimu hutoka kidogo, wanakunywa chai kwa chapati au mihogo ya kuchemsha, wanarudi kazini, na saa saba wanakula tena. Chai hiyo huongeza mlo kwenye siku, wakati branchi huupunguza. Tena ya saa nne huliwa kwa haraka huku jicho likiwa kwenye saa, na mwenye branchi hana haraka.

Ukitaka branchi ya kwetu, itafute Jumapili kwenye supu. Watu wametoka ibada ya kwanza, wengine wameamka sasa hivi na wanatafuta cha kuzimulia pombe ya jana, na wote wanakutana kwenye benchi moja. Supu ya mbuzi inatoka jikoni inafuka moshi, ndimu na pilipili zipo mezani, chapati mbili pembeni. Mtu anakaa saa nzima, au mbili. Akiinuka anasema ameshakula, na kweli hali tena mpaka jioni. Beringer angeketi pale akaona ombi lake limetimizwa kila kipengele, ingawa mwenye supu hajawahi kulisikia jina lake. Ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema kwamba mkahawa wa parachichi umeleta ustaarabu mpya. Umeleta sahani mpya na bei mpya. Mlo wenyewe mama lishe wa Majengo anaupika siku nyingi.

Mikahawa ya miji inaipenda branchi kwa hesabu tu. Kati ya chai na chakula cha mchana huwa kuna saa ambazo viti vimekaa vitupu na mpishi amesimama. Branchi inazijaza. Mayai, viazi na mkate ni malighafi rahisi na hupikwa upesi, na mteja anayekaa muda mrefu huagiza kinywaji cha pili na cha tatu. Faida kubwa iko kwenye vinywaji. Kwa hiyo ukiona bei ya sahani imekushtua, jua kwamba unalipia pia kile kiti ulichokalia tangu saa nne.

Dhana ya pili ni mgahawa wa popapu, na hapa watu huchanganya zaidi. Popapu ni mgahawa unaofunguliwa huku tarehe ya kufungwa ikijulikana. Unaweza kuishi usiku mmoja, wikiendi mbili au miezi miwili. Unafanyika mahali ambapo si pake: baa ambayo asubuhi haina wateja, bustani ya nyumba, ukumbi, duka lililo tupu. Ukimalizika, vyungu vinafungashwa na mahali panarudia kazi yake. Kwa Kiswahili cha wazi ningeuita mgahawa wa muda.

Mifano inayotajwa sana ni ya nje. Mwaka 2007 mpishi Ludo Lefebvre alianza kupika kwa vipindi vifupi mjini Los Angeles ndani ya sehemu za watu wengine, kwa jina la LudoBites, na akajulikana sana bila kuwa na jengo lake. Noma, mgahawa maarufu wa Copenhagen, ulihamisha timu yake kwenda Tokyo mapema mwaka 2015, kisha Sydney mwaka 2016 na Tulum, Mexico, mwaka 2017. Kila mahali walipika kwa vyakula vya pale walipofika. Finland nayo, Mei 2011, iliona mwanzo wa Siku ya Mgahawa, siku ambayo mtu yeyote aliweza kufungua mgahawa wa siku moja, awe barazani, bustanini au sebuleni. Ilianzishwa na watu waliochoshwa na mlolongo wa vibali.

Lakini kwa mtu wa Dodoma, mfano wa karibu ni mnada wa Msalato. Siku ya mnada uwanja unajaa ng'ombe, mbuzi, nguo na watu. Pamoja nao yanaibuka majiko, moshi wa nyama choma unatanda, ugali unasongwa, kachumbari inakatwa. Jioni ukipita unakuta majivu na uwanja mtupu. Mchoma nyama wa mnadani hajabeba mzigo wa kodi ya pango ya mwezi mzima. Amefuata watu pale walipo, kwa siku ambayo wapo. Hiyo ndiyo akili ya popapu. Tofauti ipo moja, nayo ni muhimu: mnadani watu wamefuata mifugo na biashara, na chakula kinawahudumia. Kwenye popapu chakula ndicho kilichowaita. Halafu mnada utarudi wiki ijayo, wakati popapu ikiondoka inaweza isirudi.

Namna inavyoendeshwa inaeleza mambo mengi yanayowakera wateja. Mpishi hupatana na mwenye eneo, kwa kodi ya siku au kwa kugawana mauzo. Anakodi viti, meza na pengine turubai, kwa watu walewale wanaokodisha kwenye harusi. Anatangaza Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, anapokea oda, na anaomba advansi kwa simu. Hiyo advansi si ulaghai. Ndiyo fedha ya sokoni. Ananunua kuku kwa idadi ya waliolipa, na ndiyo maana orodha ya vyakula ni fupi au haina kuchagua kabisa. Mgahawa wa kudumu ukibakiwa na chakula leo, kesho una wateja wengine. Huyu kesho hana. Watu sita wakiweka oda kwa mdomo halafu wasitokee, faida ya siku imekwenda nao. Ninawaomba wasomaji wenzangu wa Dodoma walichukulie hilo kwa uzito, kwa sababu wengi wa wapishi hawa ni vijana wanaojaribu mtaji mdogo.

Dodoma ina sababu zake za kuifaa popapu. Huu ni mji ambao idadi ya walaji inapanda na kushuka kwa kalenda. Bunge la bajeti huanza Aprili na kuendelea hadi Juni, na miezi hiyo mji hujaa wabunge, wataalamu, waandishi wa habari na wageni wa wizara. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, kina vijana wengi wanaokuja na kuondoka kwa mihula. Serikali ilitangaza kuhamia hapa kwa kishindo mwaka 2016, ingawa uamuzi wa makao makuu ulikuwa wa mwaka 1973, na watumishi wengi wakaja. Mwaka 2024 treni ya SGR ikaanza kutuunganisha na Dar es Salaam, kwa hiyo kuja kwa siku mbili, au kuondoka kwa siku mbili, kumekuwa rahisi. Anayefungua mgahawa wa kudumu analipa pango miezi yote kumi na miwili. Mwenye popapu anachagua wikiendi zilizo na watu.

Na cha kupika kipo. Zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kuku wa kienyeji wa Singida wanasifika nchi nzima, na ubuyu na asali vinapatikana. Ugali wa uwele na mlenda, chakula cha Wagogo tangu enzi, sijauona kwenye meza ya branchi hata mara moja, na hilo linanisikitisha. Kama Noma walisafiri hadi Tokyo kupika vya Tokyo, mpishi wa Dodoma hana haja ya kuagiza kitu mbali ili kuonekana wa kisasa.

Kuna migahawa ya vituko pia, ambayo watu huiweka kapu moja na popapu. Dinner in the Sky, iliyoanzia Ubelgiji mwaka 2006, huinua meza na walaji wake kwa winchi, nao hula wakiwa wamefungwa mikanda angani. Dans le Noir, ulioanza Paris mwaka 2004, hulisha watu gizani. Wa kwanza huhamahama, kwa hiyo unakaribia kuwa popapu. Wa pili una milango yake na saa zake za kila siku, kwa hiyo si popapu, hata ukiwa wa ajabu namna gani. Vivyo hivyo, mkahawa mpya uliofunguliwa wiki iliyopita si popapu, wala gari la chipsi linalosimama kona ileile kila jioni. Uliza swali moja: unafungwa lini? Kukiwa na tarehe, ni popapu.

Muda mfupi hauondoi wajibu. Anayeuzia umma chakula, hata cha siku moja, anapaswa kuwa na wahudumu waliopimwa afya, maji safi ya kunawa na kuoshea vyombo, na ruhusa ya halmashauri ya jiji. Kwenye hema mimi hutazama kwanza maji yanatoka wapi, kisha nyama imehifadhiwa vipi na jua hili la Dodoma. Nisiporidhika naondoka, hata kama nimeshalipa.

Jambo la mwisho ni matangazo. Mengi huandika 10:00 hadi 14:00 kwa hesabu ya Kizungu. Hiyo ni saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, na nimeshaona mtu akifika saa kumi jioni amevaa vizuri, akikuta vijana wanapanga viti kwenye gari.

Shangazi yangu siku ile alimaliza sahani yake yote, akaomba na kahawa ya pili. Nyumbani hakugusa kitu mchana kutwa. Ilipofika saa kumi na mbili jioni nilimkuta jikoni, sufuria la maji limeshachemka, anatafuta unga.