Picha za dainosaria sio za kubuni tu

Kuna watu wakiona picha ya dainosaria wanasema aah, hao wanajichorea tu, nani aliwaona? Sasa mifupa inasema mengi, misuli iliposhikia panabaki alama na nyayo zilizoganda kwenye mwamba zinaonyesha mnyama alitembeaje. Yule dainosaria mkubwa ambaye mifupa yake ilichimbwa Tendaguru kule Lindi, kati ya 1909 na 1913, yuko makumbusho ya Berlin, Ujerumani, mpaka leo, 1937 walimsimamisha miguu ya mbele imetanuka kama mjusi, mkia unaburuza chini, ila 2007 akapangwa upya, miguu imenyooka, mkia juu, maana nyayo nyingi za jamaa zake hazina mburuzo wa mkia.

Hata rangi! Sinosauropteryx, dainosaria mdogo wa China, urefu kama mita moja tu, alikutwa na manyoya kabisa, na 2010 watafiti wakayachungulia kwa darubini kali wakaona vichembe vya rangi vya mviringo, vile vinavyotoa wekundu wa kahawia, yani mkia wake ulikuwa na pingili za kahawia na nyeupe.

Penye kukisia ni midomo, mafuta mwilini, sauti, na huyo wa Tendaguru rangi yake haijulikani.