Kuacha nyama bila kudhoofika: maharage, B12 na chai ya baada ya chakula

Wengi wanaoacha nyama huishia kuiondoa tu, basi. Ugali unabaki uleule, mchicha uleule, na pale palipokuwa na samaki au nyama panajazwa ugali zaidi. Baada ya miezi michache mtu anasinzia mchana, nguo zinamlegea, na nyumbani wanamwambia, "Si tulikuambia!" Lawama inaiangukia mimea, wakati kilichokosekana ni mimea yenyewe: kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe na maharage, tena kwa kipimo cha chakula kikuu, si kijiko cha kuonjea.

Wahindi wa Kigujarati wa dini za Kihindu na Kijaini wa Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi wameishi bila nyama vizazi kwa vizazi, na wako Wasabato wengi pia wasioigusa. Ukiangalia meza zao utakuta dengu au choroko karibu kila siku, na mara nyingi maziwa au mtindi. Hayo maziwa ndiyo yanayogawa makundi mawili. Vegeteriani ameacha nyama na samaki lakini maziwa anakunywa, na wengine mayai wanakula. Vegani ameacha kila kitokacho kwa mnyama, hadi samli na asali. Wa pili ana kazi ya ziada, nitaieleza.

Kwanza hesabu ya protini. Mtu mzima asiyekula nyama nampangia gramu 1 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hivi. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina gramu 15, kwa hiyo vikombe viwili ni 30. Konzi ya karanga ya gramu 30 inaongeza 7. Unga wa mahindi gramu 250, yaani ugali wa milo miwili, unaleta kama 18. Uji wa ulezi na mboga za majani vinamalizia. Vikombe viwili vya maharage hutokana na gramu 150 hivi za makavu, ndiyo kusema kilo moja humtosha mtu mmoja siku sita au saba. Kama kilo yako inakaa mwezi mzima kabatini, umeshajua uchovu unatoka wapi.

Kula mahindi na vyakula vya jamii ya kunde (maharage, choroko na wenzao) kwa siku moja si mapokeo matupu. Protini hujengwa kwa vipande viitwavyo asidi amino. Ya mahindi ina upungufu wa kimoja, laisini, ambayo kunde zinayo tele. Kunde nazo zina upungufu wa kingine, methionini, ambayo mahindi yanayo. Kande, au githeri kwa wenzetu wa Kenya, ilishalitatua jambo hili zamani. Wala si lazima viwe kwenye sufuria moja. Asubuhi hiki, jioni kile, mwili unajumlisha wenyewe.

Sasa upikaji wa maharage, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Chambua, osha, loweka kwa maji mara tatu ya ujazo wake, saa 8 hadi 12. Mwaga maji hayo. Usiyahurumie: yamebeba sehemu ya faiteti, zinazofunga madini ya chuma na zinki, na sehemu ya sukari zinazojaza gesi tumboni. Weka maji mapya, yachemke kwa nguvu dakika 10 bila kupunguza moto, kisha punguza na uache hadi harage likibonyezwa kwa vidole viwili lisagike lote, bila kiini kigumu katikati. Kwenye jiko la mkaa ni saa moja hadi moja na nusu. Kwenye presha kuka, yakiwa yamelowekwa, dakika 20 hadi 25.

Zile dakika 10 si za mapambo. Maharage, hasa mekundu, yana sumu ya asili iitwayo lektini, nayo haivunjiki kwa joto la chini. Anayeyatia yakiwa mabichi kwenye kikapu cha kupikia (kinachohifadhi joto la sufuria bila moto) au kwenye sufuria ya umeme ya moto mdogo anaweza kuyatoa yamelainika kiasi huku sumu ingali imo. Ndani ya saa moja hadi tatu ni kutapika na kuharisha. Kikapu ni kizuri, kinaokoa mkaa, ila maharage yachemke kwanza.

Yakigoma kuiva, sababu huwa ni moja kati ya tatu. Yamezeeka ghalani kwenye joto na unyevu. Au maji yako yana chumvichumvi nyingi. Au umetia nyanya, ndimu au ukwaju mapema. Tindikali inakaza ganda, kwa hiyo viungo hivyo visubiri hadi harage lilainike. Wengi hukimbilia magadi. Kweli yanalainisha haraka, lakini yanaua vitamini B1, na magadi ya kaskazini mwa Tanzania yana floraidi nyingi, ileile inayoacha meno ya kahawia kwa watoto. Siyashauri. Kama mkaa ni ghali, pika choroko au dengu zilizoparazwa, zinaiva upesi hata bila kulowekwa.

Gesi tumboni itakuwepo mwanzoni. Anza na nusu kikombe kwa siku, ongeza taratibu kwa wiki mbili tatu, na utumbo utazoea.

Tuje kwenye vitamini B12, ambayo sina mzaha nayo. Hakuna mmea unaoitoa kwa kutegemewa. Togwa haina ya kutosha, mlenda hauna, na spirulina, ule unga wa kijani wa majini unaouzwa kama dawa ya kila kitu, ina aina ya B12 ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuitumia. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini lina akiba inayoweza kudumu miaka kadhaa, ndiyo maana vegani wa mwaka mmoja anakuambia yuko salama. Akiba ikiisha huanza ganzi na kuchomachoma miguuni, ulimi unakuwa laini na mwekundu, kumbukumbu inapungua. Mbaya zaidi, mlo wa mboga na kunde una foleti nyingi, vitamini nyingine ya kundi B, nayo inaweza kuficha dalili za upungufu wa damu: kipimo cha wingi wa damu kinasoma vizuri huku mishipa ya fahamu inaharibika. Tiba ikichelewa sana, mishipa hiyo hairudi kama ilivyokuwa.

Kwa hiyo vegani anunue B12. Kidonge cha mikrogramu 50 kila siku, au cha 1,000 mara mbili kwa wiki. Namba hizo zinaonekana kubwa kupita kiasi kwa sababu mwili hupokea vizuri mikrogramu moja na nusu hadi mbili tu kwa mara moja, na inayozidi hapo inapenya kama asilimia 1. Dukani soma lebo: vidonge vingi vya bei nafuu vya B kompleksi vina B1, B2 na B3 peke yake. Kama B12 haikuandikwa, haimo. Unga uliorutubishwa kiwandani unaweza kuwa na B12 kidogo, lakini unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna. Mama vegani mjamzito au anayenyonyesha asiruke hata wiki, kwa kuwa mtoto mchanga hana akiba ya kujitetea, na maziwa ya mama hufuata hali ya mama.

Madini ya chuma ni suala la mpangilio zaidi kuliko wingi. Kikombe cha maharage kina miligramu 4 hivi, lakini chuma cha mimea ni kigumu kufyonzwa, na chai ya rangi au ya maziwa ikinywewa pamoja na chakula inaweza kuzuia zaidi ya nusu. Kahawa vilevile. Iache chai saa moja kabla au baada ya mlo. Upande wa pili, vitamini C inakisaidia kuingia: kamulia ndimu kwenye sahani (si kwenye sufuria, moto unaiharibu), au kula pera, chungwa, papai. Ukwaju, pamoja na ukali wake, una vitamini C kidogo mno, usiuhesabu.

Kalsiamu ina mtego wake. Mchicha unayo, lakini una oksaleti zinazoishikilia, hivyo inayopita ni kidogo. Sukuma wiki ina oksaleti chache na ndiyo ninayoipendekeza kila mara. Ulezi, ambao Wakenya huuita wimbi, una zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100 za unga, hakuna nafaka yetu nyingine inayoukaribia. Ukiuotesha siku mbili, ukaukausha na kuusaga kuwa kimea, au ukiuchachusha uji, faiteti zinapungua na madini yanapatikana zaidi.

Soya ni nzuri, ila isisagwe mbichi. Ina vizuizi vinavyozuia utumbo kumeng'enya protini, na wanaochanganya unga wa lishe hukosea hapa kuliko popote. Chemsha dakika 30, pukuta maganda, anika ikauke kabisa, kaanga kidogo bila mafuta, ndipo ukasage. Na msirundike nafaka saba, karanga na soya kwenye mfuko mmoja; karanga zina mafuta, unga unachacha ndani ya wiki chache.

Karanga na mahindi zina hatari nyingine kwa mtu anayezitegemea kila siku, nayo ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya mahindi yenye sumu hiyo yaliua watu 125. Kupika hakuiondoi. Tupa punje zilizosinyaa, zenye ukungu au zilizobadilika rangi, nunua karanga nzima badala ya zilizosagwa, na uhifadhi pakavu juu ya chaga. Chumvi iwe yenye madini joto, maana samaki hayupo tena.

Ukila nje, kwa mama lishe, usiishie kuuliza kama kuna nyama. Uliza maharage yameungwa na nini. Nazi haina shida, lakini wapo wanaotia unga wa dagaa au viungo vya pakiti vyenye ladha ya ng'ombe. Pilau karibu kila mara imepikwa kwa mchuzi wa nyama hata kama vipande vimetolewa. Chapati huweza kuwa na samli au maziwa. Mwenye kuuza hasemi uongo akikujibu "hamna nyama", amejibu ulichouliza.