Pumu ya ngozi kwa watoto wadogo: mafuta ndiyo dawa ya kila siku

Kiangazi kikishika hapa Kigoma, kuanzia Juni hadi Septemba, kliniki ya ngozi hujaa watoto wa miezi mitatu, minne, mitano. Mama anakaa, anafungua kitenge, anamvua mtoto kofia ya sufu na sweta, na kabla sijauliza lolote mtoto ameshaanza kusugua shavu kwenye kifua cha mama yake. Mashavu yamekauka na kupauka, yana vipele vidogo, mahali pengine panatoa majimaji. Mara nyingi bibi yupo pia, na ndiye aliyebeba mfuko. Anauweka mezani na kutoa kimoja kimoja: chupa ya mafuta ya mise (yale ya kokwa za michikichi), kipande cha sabuni ya mawese, tyubu mbili zilizokamuliwa mpaka mwisho, majani makavu yaliyofungwa kwenye karatasi. "Daktari, tumeshapaka kila kitu."

Wamehangaika kwa upendo, hilo halina ubishi. Lakini kitu kinachokosekana kwenye mifuko hiyo, karibu kila mara, ni kile kinachopatikana hata genge la jirani: mafuta ya mgando, tena mengi.

Ugonjwa wenyewe ni ukurutu, ambao wengi wetu tunauita pumu ya ngozi. Jina hilo huwatisha wazazi, wakidhani mtoto atabanwa kifua usiku huo huo. Lina ukweli ndani yake, kwa sababu ukurutu, pumu na mafua ya mzio hutembea katika ukoo mmoja, na baadhi ya watoto wenye ukurutu hupata pumu baadaye. Lakini hauambukizi. Mtoto mwenye ukurutu abebwe, abusiwe, alale na ndugu zake.

Mafundi boti wa Kibirizi, hapa hapa Kigoma, wanaijua kazi ya kalafati. Mbao zikikauka na kuachana, boti huvuja, na fundi huziba nyufa kwa pamba kabla haijarudi majini. Ngozi ya mtoto mwenye ukurutu ni kama boti isiyotiwa kalafati, ila hapa maji ndiyo yanayotoka mwilini. Baadhi yao wamezaliwa na upungufu wa protini iitwayo filagrini, ambayo kazi yake ni kuifanya ngozi ishikamane na kutunza unyevu. Unyevu ukitoka, sabuni, vumbi na bakteria hupenya. Mwili hupambana navyo, ngozi huvimba na kuwasha. Mtoto hujikuna, na kila akijikuna nyufa huongezeka. Kwa hiyo mafuta si urembo. Mafuta ndiyo kalafati, na hutiwa hata siku ambazo ngozi inaonekana nzuri.

Utaujuaje

Picha nyingi za ugonjwa huu zinaonyesha ngozi nyeupe yenye wekundu. Kwenye ngozi yetu usitafute wekundu. Tafuta rangi ya kahawia iliyokolea, zambarau au kijivu, na vipele vidogo vilivyoshika kwenye mashina ya vinyweleo. Kama macho hayana uhakika, pitisha mgongo wa mkono wako taratibu: panakwaruza kama msasa, na pana joto kuliko pembeni. Kwa mtoto mchanga huanzia mashavuni, kichwani, na upande wa nje wa mikono na miguu. Sehemu inayofunikwa na nepi mara nyingi husalimika. Akishaanza kutembea na kuendelea, huhamia kwenye mikunjo ya viwiko, nyuma ya magoti na kwenye vifundo.

Usiuchanganye na upele wa kuambukizana, yaani skabi. Upele hupenda katikati ya vidole, kwapani, na kwa watoto wachanga hata viganjani na kwenye nyayo. Tena hapo mama anajikuna, kaka anajikuna, na muwasho huzidi usiku kwa nyumba nzima. Huo una dawa yake, na hutibiwa watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja.

Kuogesha na kupaka

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo matibabu yanapofaulu au kushindikana.

Maji yawe ya uvuguvugu. Yapime kwa kiwiko, usiyapime kwa kiganja kilichozoea sufuria. Dakika 5 hadi 10 zinatosha, mara moja kwa siku. Dodoki liweke mbali kabisa. Wapo wanaosugua vipele kwa chumvi au kwa maji yenye dawa ya kuua wadudu ili "kutoa uchafu". Hapo hakuna uchafu wa kutoa, kuna kidonda kinachochokozwa.

Sabuni itumike kidogo, shingoni, kwapani na matakoni tu, na iwe laini isiyo na manukato. Najua sabuni ya mawese ni fahari yetu na imesomesha watoto wengi wa mkoa huu. Kwa nguo na vyombo ni sabuni nzuri. Lakini ngozi ya mtu kwa asili ina uasidi kidogo, na sabuni iliyopikwa kwa magadi makali iko upande wa pili kabisa. Ngozi nzima huvumilia na kurudia hali yake. Ngozi yenye nyufa haivumilii. Sabuni ya mche na ya unga zina shida hiyo hiyo. Nguo za mtoto zikifuliwa kwa sabuni hizo, zisuuzwe mara mbili kwa maji safi.

Ukimtoa kwenye beseni, usimsugue. Chukua khanga kuukuu, ile iliyofuliwa mpaka ikawa laini, umkaushe kwa kumgusagusa na kumwachia unyevu kidogo. Sasa usiende kuitika simu. Una kama dakika 3 kabla unyevu huo haujapotea. Chota mafuta kwa kijiko safi, maana vidole huingiza vijidudu ndani ya kopo, yalainishe kati ya viganja, kisha yapake kwa kushuka kufuata vinyweleo: kutoka begani kwenda kiganjani, kutoka pajani kwenda mguuni. Usikande kwa kuzungusha. Huziba mashina ya vinyweleo na kuleta majipu madogo. Ukimaliza, mtoto ang'ae. Rudia mara mbili au tatu mchana, hasa mashavuni baada ya kunyonya, kwa sababu mate na maziwa hukausha ngozi.

Kiasi je? Mtoto mwenye ukurutu uliosambaa mwilini huhitaji gramu 250 au zaidi kwa wiki. Kopo la gramu 50 likikutosha mwezi mzima, mtoto hajapakwa, ameguswa tu. Nunua kopo kubwa la mafuta ya mgando yasiyo na manukato. Harufu nzuri ndiyo inayowasha.

Tahadhari moja sijaisikia ikisemwa vya kutosha majumbani: nguo na shuka zilizolowa mafuta hushika moto upesi sana, na kufua hakuyamalizi mafuta yote. Mtoto aliyepakwa asikae karibu na koroboi, jiko la mkaa wala mafiga, na anayembeba asiwe anapika.

Na mise? Bibi huniuliza swali hili kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kukemewa. Hakemewi. Kupaka mafuta kila siku ni maarifa ya zamani na msingi wake ni sahihi. Shida ni kwamba mise huzama na kupotea haraka kuliko mafuta ya mgando, na yale ya kukamuliwa nyumbani mara nyingi yana chembe za kokwa zilizoungua. Kwenye ngozi nzima hayana neno. Kwenye ngozi iliyopasuka au inayotoa majimaji, hapana. Mawese mekundu hutia rangi, tukashindwa kuona kama ugonjwa unapungua au unazidi. Mafuta ya zeituni, ambayo siku hizi yanasifiwa sana, yameonekana katika utafiti kuidhoofisha ngozi badala ya kuilinda.

Tyubu zile mbili

Ngozi ikishavimba na kuwasha, mafuta peke yake hayatoshi. Inahitajika krimu ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, na hapa nawaona wazazi wa aina mbili: anayeiogopa mpaka mtoto anakosa usingizi, na anayepaka kali kuliko zote kwa miezi. Wote wawili nawaelewa.

Kwa mtoto mchanga huwa tunaanza na dhaifu, haidrokotisoni ya asilimia 1. Kipimo chake ni kidole chako: kamua mstari kuanzia ncha ya kidole cha shahada mpaka pingili ya kwanza. Hiyo ni nusu gramu, na hutosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Kwa mtoto wa miezi 3 hadi 6, uso na shingo huhitaji kipimo kimoja, mkono mzima kimoja, mguu mzima kimoja na nusu. Hupakwa mara moja au mbili kwa siku, pale palipochachamaa tu, mpaka patulie. Mara nyingi ni siku 7 hadi 14, na usoni huwa pungufu ya hapo. Acha kama nusu saa kati ya krimu na mafuta. Pakitulia, krimu inaachwa, mafuta yanaendelea.

Ninachokiogopa ni tyubu inayonunuliwa bila kupimwa, yenye dawa tatu ndani yake: steroidi kali kama betamethasoni, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria. Inapendwa kwa sababu siku ya tatu ngozi inakuwa laini. Ikiachwa, ugonjwa unarudi kwa kishindo, nyumba inanunua nyingine. Klobetasoli nayo ni kali zaidi, na huingia nyumbani kupitia krimu za kujichubua. Ngozi ya mtoto ni nyembamba na mwili wake ni mdogo: dawa hupenya hadi kwenye damu, uso huvimba, ngozi hukonda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya mwili hulala. Mtoto aliyetumia krimu kali kwa muda mrefu asiachishwe ghafla nyumbani. Mleteni.

Kisha kuna lile baka jeupe. Ngozi inapopona, palipokuwa na ukurutu hubaki pamepauka, au peusi kuliko pembeni. Mama huogopa, husema "dawa inamchubua mwanangu," na anaitupa. Kwa mtoto aliyetumia haidrokotisoni kwa kipimo, baka hilo limeachwa na ugonjwa wenyewe. Rangi hurudi, ila hurudi polepole, kwa miezi.

Chakula, nguo na chanjo

Kila wiki hunijia mama aliyeambiwa maziwa yake ni machafu, au mtoto ana mchango, hivyo aache kumnyonyesha. Asiache. Maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6, kisha uji, dagaa, maharage, mayai na karanga iliyosagwa vizuri, kama mtoto mwingine yeyote. Kumnyima mtoto dagaa na mayai kwa sababu ya ngozi kavu ni kumwongezea udhaifu juu ya ugonjwa. Mzio halisi wa chakula mara nyingi hujitokeza upesi, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo inavimba, vipele vya kuvimba vinatapakaa, anatapika, anapumua kwa shida. Akipumua kwa shida, kimbia hospitali. Akionyesha hayo mengine, acha chakula hicho na utuambie.

Sweta na kofia ya sufu havikai juu ya ngozi hii. Mvalishe pamba ndani; mchana wa Ujiji hauhitaji sweta. Kata kucha kila wiki, na usiku mvalishe soksi mikononi. Dawa ya maji ya mafua inayolaza haiondoi muwasho huu, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Chanjo zote apate kwa tarehe zilizo kwenye kadi yake ya kliniki.

Mlete siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona malengelenge madogo yanayolingana ukubwa yamejikusanya, yanapasuka na kuacha vishimo, mtoto ana homa na analia ukimgusa. Hicho ni kirusi cha vidonda vya homa kilichovamia ukurutu, na kikifika machoni huharibu. Ndiyo maana mwenye kidonda cha homa mdomoni asimbusu mtoto huyu, hata akiwa baba yake. Magamba ya rangi ya asali, usaha, au joto linalosambaa ni dalili za bakteria. Navyo visisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kwa mengine yote anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, na ikibidi utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Siku ya kuja usimpake kitu asubuhi hiyo, ili tuone ngozi yenyewe. Na ule mfuko njoo nao, bibi, pamoja na tyubu tupu. Jina la dawa likiwa limefutika, hata rangi ya kifuniko hutusaidia.