Nta ya sikio si kipimo cha usafi

Wengi tumekua tukiamini kwamba mtu mwenye nta ya sikio laini na ya kunata hajui kujisafisha. Kumbe aina ya nta huamuliwa hasa na jeni moja, ABCC11, iliyoko kwenye kromosomu ya 16. Jeni hii hutengeneza protini inayovusha kemikali kupitia utando wa seli, katika tezi za sikio na za kwapa pia. Herufi moja ya DNA ikibadilika katika nakala zote mbili za jeni hii, ya baba na ya mama, uvushaji hukwama: nta huwa kavu, na harufu ya kwapa hupungua. Hali hiyo imeenea Asia ya Mashariki. Afrika ni nadra.

Chunguzeni nyumbani: wazazi wote wakiwa na nta kavu, watoto kwa kawaida huwa nayo kavu, waoge wasioge.